Kabro Zilizopumua Kiwanjani

Kaari alifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na mmoja, na kumi na minane kati ya hiyo aliimaliza katika wodi ya wagonjwa wa kifua. Alipostaafu, wenzake waliotoka Meru kama yeye walirudi kwao kwenye baridi. Yeye alisema amezoea joto la Isiolo. Akanunua kiwanja mtaa wa Kiwanjani, kiwanja kilichokuwa kimepitia mikono ya watu watatu kabla yake, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Kutoka getini hadi mlangoni akatandikiwa kabro, vile vitofali vya zege vya kutandika njia, nyekundu na za kijivu.

Tatizo lilianza mwaka wa pili. Kati ya kabro na kabro hujazwa mchanga laini ili zisicheze, na mchanga huo ulikuwa unapotea. Haukupotea kila mahali. Ulipotea katikati ya njia tu, sehemu yenye ukubwa kama wa meza ya kulia. Kaari alifagilia mchanga mpya kwenye mianya Jumatatu, na kufikia Ijumaa mianya ilikuwa mitupu. Mvua haikuwa imenyesha. Sisimizi hawangeweza kuubeba wote, na kwa kweli alipowachunguza aliona msururu wao ukifika pale, unapinda, unazunguka, kisha unaendelea na safari upande wa pili.

Mwaka wa nne alimwita Mwongera, fundi aliyezitandika. Mwongera alichuchumaa, akachokoa mwanya mmoja kwa kisu.

"Hii ni kawaida, mama. Tunapiga dawa ya kuziba. Ni majimaji kama vanishi. Ikikauka inashika mchanga, hautoki tena, na rangi inarudi kama ya juzi."

"Na kama shida iko chini?"

"Chini nilishindilia mwenyewe."

Murithi, mwanawe aliyefanya kazi Nakuru, naye alisema kwenye simu kwamba fundi yuko sawa, ipigwe dawa mambo yaishe. Wakakubaliana Jumamosi. Kazi ya Kaari ilikuwa kuhakikisha kabro ni safi na kavu.

Jumatano asubuhi alikuwa anafagia alipoona unyoya wa kuku umelala juu ya mwanya. Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Unyoya ukatetemeka, ukasimama wima, ukaingia chini polepole mpaka ncha yake ikatoweka.

Aliacha kufagia, akaegemeza ufagio ukutani.

Saa tisa mchana, jua likiwa kali kiasi cha kuchoma miguu ndani ya ndara, alirudi pale. Sasa vumbi lilikuwa linatoka. Lilipanda juu ya mianya kwa vinyuzi vyembamba, likatawanyika. Akaweka kiganja. Hewa iliyomgusa ilikuwa baridi, tena ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Alhamisi aliangalia tena akakuta mambo ni yale yale. Asubuhi kabro zilivuta hewa ndani na alasiri zikaitoa.

Hapo ndipo alipotandika leso, akalala kifudifudi mchana peupe katikati ya njia ya nyumba yake, akaweka sikio juu ya kabro.

Alisikia pumzi. Ilikuwa ndefu na ya polepole, na mwishoni ilikwama kidogo kabla ya kugeuka. Kaari alikujua huko kukwama. Aliwahi kukusikia kwa wagonjwa ambao ndugu zao waliambiwa waje mapema kuwaaga. Hakukimbia. Aliangalia saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi kama alivyozoea, kisha akainuka.

Jirani yake wa karibu alikuwa Maryan, au Mama Ubah kwa jina la mwanawe, mama wa Kiborana aliyepita kila asubuhi akipeleka maziwa sokoni. Kila siku alisimama getini, wakajuliana hali, akaenda zake. Katika miaka minne yote hakuwahi kuingia ndani, na Kaari alikuwa ameamua kwamba ni maringo.

Ijumaa hiyo Kaari alimfungulia geti lote. "Mama Ubah, ingia uone kitu."

"Niko sawa hapa, Mama Murithi."

"Basi nisikilize hapo hapo." Akamwambia kuhusu mchanga, unyoya na hewa baridi. Akamwambia kesho fundi anakuja kuziba.

Maryan alitua mtungi wake chini. Alisubiri bodaboda mbili zipite.

"Nilifikiri pamefungwa," alisema. "Ulipoweka hayo mawe, nilisema alhamdulillah, sasa pamefungwa vizuri. Kumbe." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Usizibe."

"Kuna nini hapo?"

"Kisima cha baba yetu. Ukame wa themanini na nne maji yalipungua, kaka yangu Diba akashuka kutoa matope. Ukuta ukamwangukia. Baba alichimba siku mbili na tulikuwa tunamsikia Diba. Siku ya tatu wazee wakafunika kwa magogo na mchanga, tukahama."

Kaari hakutaka kuuliza, lakini alikuwa muuguzi. "Mlipofunika, alikuwa amenyamaza?"

Maryan aliangalia barabara. "Mimi nilikuwa mtoto. Mama alisema amenyamaza."

Mwongera alipofika Jumamosi na debe lake la dawa, Kaari alimwambia aliweke kivulini, kwanza ang'oe kabro. Alibisha kidogo, kisha akaanza. Chini ya mchanga wa kutandikia alikuta magogo ya mgunga, meusi, mawili yakiwa yameoza katikati. Alipoyasogeza, hewa ilitoka chini kwa nguvu, ikampeperushia kofia.

"Visima vya zamani hufanya hivi," alisema bila kuulizwa. "Ni hewa tu." Akawasha tochi, akainama kuchungulia.

Kaari naye aliinama. Mchanga wake wote wa miaka hiyo ulikuwa kule chini, unaonekana wazi. Haukuwa umerundikana katikati pale ulipokuwa ukidondokea. Ulikuwa umesukumwa pembeni, umezunguka ukuta wote kama kingo za shamba la mpunga, na katikati palikuwa peupe.

Maryan, aliyekuwa akitazama kutoka barabarani, aliingia getini. Alitembea juu ya kabro bila viatu, akafika ukingoni, akaita jina la kaka yake mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake chakulani. Hakuna kilichojibu. Ila Mwongera alisema baadaye, na hajawahi kubadilisha maneno, kwamba wakati huo hewa ilisimama.

Chifu alikuja, na mafundi wa visima, wakasema kushuka pale ni kutafuta maiti ya pili. Mwongera alishauri pajazwe mawe, pamwagwe zege juu. Kaari alimgeukia Maryan. "Ni wa kwenu. Sema wewe."

"Udongo," alisema Maryan. "Kwa mikono, kama anavyozikwa mtu."

Maalim wa msikiti alimswalia marehemu. Godana, binamu ya Maryan, na wanaume wengine wa ukoo walijaza udongo siku mbili, kwa makoleo na makarai, hawakutaka mashine. Maryan alikaa hapo siku zote mbili, na Kaari akakaa naye.

Pale juu hapakurudishwa kabro. Paliachwa duara la udongo, na njia ikapinda kulizunguka. Wiki iliyofuata Mwongera aliuliza kama sasa apige dawa sehemu iliyobaki. Kaari alifikiri siku nzima. Mwishowe alikubali vipande vya karibu na geti tu, kwa sababu huko mafuta ya gari yalikuwa yameacha madoa. Kabro zile zinang'aa mpaka leo. Nyingine Kaari huzifagilia mchanga mwenyewe.

Murithi alipokuja Desemba alisimama mbele ya duara, funguo za gari mkononi.

"Kwa hivyo imeisha, mama?"

"Mchanga hauondoki tena."

"Na ile sauti uliyoniambia?"

"Sijalala chini kusikiliza," alisema Kaari. "Na wewe usifanye hivyo."

Murithi alirudi kwenye gari alilokuwa ameliegesha juu ya kabro, akalitoa nje kinyumenyume, akaliegesha barabarani.