Maski ya Mtu Mzima

Kazini kwenye gari la wagonjwa walimwita Sista Pole, kwa sababu hata akigombana hakupandisha sauti. Waliovunjika miguu barabarani hawakumtisha. Wala wajawazito waliojifungulia humo humo garini. Ila watoto wadogo, hao walimkausha mate kinywani. Mtu mzima akizidiwa hupiga kelele, atakung'ang'ania mkono. Mtoto huchoka tu, akanyamaza, na kimya hicho ndicho kilichokuwa kikimgutusha usingizini hata siku za mapumziko.

Mchana ule walimchukua mtoto wa miezi minane nyumbani kwa bibi yake, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Bibi alipanda naye, kiatu mguu mmoja.

"Mzee wa Kona, tuondoke," Sista alimwambia dereva kupitia kidirisha.

"Tuondoke vipi, na lori limejilaza hapa mbele kama liko kwao?" Dereva akawasha king'ora, kisha akatoa kichwa nje. "We bwana, sogea! Nina mtoto humu!"

Walipofika kwenye matuta, mbavu zikatulia.

"Afadhali," bibi akasema. "Amelala."

Hakulala. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Sista alinyakua mfuko wa mpira wa kupulizia hewa, akafungua kisanduku cha watoto achukue maski ndogo. Kisanduku kilikuwa kitupu.

Asubuhi walikuwa wamepeleka mtoto mwingine, na kwa desturi yao maski haivuliwi mgonjwa mlangoni. Huingia naye wodini, ikafuatwa baadaye. Lakini redio iliita kabla hajaifuata, naye akarukia gari. Yeye, si mtu mwingine.

Ilibaki ya mtu mzima. Aliiweka, ikafunika uso mzima na kuning'inia, hewa ikatorokea kidevuni. Kifua hakikuinuka. Akarudia. Wapi!

"Sista, kuna nini?" Sauti ya bibi ilikuwa imebadilika.

"Naogopa, bibi. Nishikie kichwa chake hivi. Usikiinamishe."

Ndipo akamkumbuka mkufunzi mmoja aliyegeuza maski juu chini kwenye uso wa mwanasesere, darasa zima likaangua kicheko, naye akiwemo. Akaigeuza. Ncha ya puani ikakaa chini ya kidevu, upande mpana ukalala kwenye paji la uso. Akabonyeza mfuko kwa ncha za vidole tu, maana nao ulikuwa wa mtu mzima, na mapafu yale hayakuzidi ngumi yake.

Kifua kikainuka, kidogo sana.

"Mzee wa Kona, usifunge breki ghafla!"

"Breki? Leo hata sijui ziko mguu gani!"

Akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Hakuthubutu kupangusa jasho lililomwingia machoni. Karibu na lango la hospitali mtoto akapiga kwikwi, akavuta pumzi yake mwenyewe, kisha nyingine. Sista hakuziamini. Je, akiacha kubonyeza, na mtoto naye akaacha kupumua?

Mlangoni daktari aliinama, akasikiliza kifua. "Anapumua mwenyewe. Mwachie, Sista, tumpeleke ndani."

"Nataka kumwachia," alisema, "ila vidole havitaki."

Bibi ndiye aliyevifungua, kimoja kimoja, akinong'ona, "Basi, mwanangu. Basi."