Damu Iliyoshangiliwa

Mama alikuwa amemaliza hedhi miaka kadhaa nyuma, mara damu ikarudi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alipiga kigelegele uani kwetu Busunzu mpaka kuku wakatawanyika.

"Wifi, umerudi ujanani! Kaka atapata kitinda mimba!"

"Hebu niache, nina wajukuu mie," mama alisema, lakini alicheka.

Mimi ndiyo usiseme. Na hizi ndoto zangu za mchana, nikaanza kufuma kofia ya mtoto, ya njano. Sikujiuliza kwa nini mama siku hizi anamenya muhogo amesimama, wala kwa nini akitoka kukojoa anashika ukuta, kauma midomo. Alisema panawasha na kuchoma, ni uchafu tu. Akawa anajisafisha hadi ndani kwa sabuni ya kufulia.

Nikaenda Kibondo mjini kumnunulia pedi. Mama mwenye duka, mtu wa pwani, mcheshi kweli, akanitania, "Zote hizi? Unauza jumla siku hizi?" Nikamwambia kwa furaha ni za mama, ujana umemrudia. Kicheko kikamkatika.

"Dada yangu tulimshangilia hivyo hivyo," akasema, akizifunga kwenye gazeti polepole. "Damu ikishakoma, ikirudi usiiamini. Mpeleke hospitali, mwanangu. Usingoje."

Sikuishika tena ile kofia.

Hospitali nesi alimpima mama, mimi nimemshika mkono. Akasema umri umemkausha uke, ngozi imekuwa nyembamba, na sabuni imezidi kuichubua. Aiache, kuna dawa ya kupaka. "Damu yaweza kuwa ya ukavu huu. Yaweza isiwe." Daktari akamkata kinyama kidogo ndani, kikapelekwa mbali kupimwa. Tungoje simu.

Kurudi nyumbani, tukamkuta shangazi uani na dumu la urwagwa, pombe yetu ya ndizi, keshamimina.

"Keti tunywe, wifi!"

Mama hakuketi. "Wifi, hii si hedhi. Wanapima kama ni saratani."

Nilidhani atabisha, ndiyo kawaida yake. Shangazi akaweka kikombe chini. Akatazama mlangoni, baba hakuwepo.

"Na mimi inanitoka," akasema taratibu. "Ilianza kabla yako. Niliona haya, bibi mzima. Nilipoona na wewe inakutoka, wifi, nikashukuru Mungu. Nikasema, kumbe ni baraka."