Nilivyokutana na headmaster wangu wa primary nikiwa practicum ya counselling Kerugoya

Wakuu, habari zenu. Mimi niko Nyeri, baridi imetukalia lakini tuko sawa.

Naona watu wengi hapa wanauliza kama degree ya counselling na psychotherapy ni kitu ya maana ama ni kupoteza miaka minne. Badala ya kubishana na kila mtu, wacha niwaeleze yaliyonipata. Sitaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Endarasha, huko Kieni. Niliingia campus nikiwa na miaka thelathini na nne, baada ya kulima na kuuza viazi muda mrefu. Darasani wanaume tulikuwa watatu tu.

Baba yangu aliuliza nasomea nini. Nikamwambia.

"Ati unasomea kusikiza watu? Si hiyo hata kinyozi anafanya?"

Nilicheka, lakini iliniuma.

Kwanza niseme hii course si mchezo. Kuna statistics, kuna research, kuna magonjwa ya akili. Halafu kuna siku mnarekodiwa mkifanya mazoezi, recording inawekwa darasa yote isikie. Yangu ilikuwa aibu tupu. Mwenzangu ndiye alikuwa anaigiza mtu amefiwa, lakini mwenye aliongea karibu muda wote ni mimi.

Lecturer wetu, tumuite Madam Wanjiru, akauliza, "Sasa client ni nani hapa?"

Darasa ikaangua kicheko.

Pia lazima wewe mwenyewe uende therapy. Mimi nilikuwa naenda kumaliza masaa yanayotakiwa tu. Nampigia therapist wangu stori za mvua na siasa, yeye ananiangalia.

Tukafika third year, wakati wa practicum, yaani kuona client wa ukweli chini ya supervisor. Nikachagua centre moja ya counselling Kerugoya makusudi, juu huko Kieni watu wananijua sana. Counselling mahali watu wanajuana ni ngumu, wakuu. Mtu akionekana akiingia kwa ile mlango, kabla jioni mama yake ameshaambiwa.

Wiki ya tatu, asubuhi, receptionist akaniletea client mpya. Mzee mrefu, suti ya kijivu, kofia mkononi. Nikainuka kumsalimia, na nikamtambua.

Alikuwa headmaster wangu wa primary. Tumuite Mwalimu Gichuki.

Wacha niwaeleze huyu ni nani kwangu. Nikiwa class six alinisimamisha mbele ya parade, na baba yangu ameitwa shule. Akamwambia, shule nzima ikisikia, "Huyu mpeleke nyumbani achunge ng'ombe. Hii kichwa haina kitu."

Baba akavua kofia, akainama. Akasema, "Asante, Mwalimu."

Nilibaki shule, lakini hiyo "asante" ilinikaa kifuani kuliko hata yale matusi.

Sasa mzee hakunitambua. Nimefuga ndevu, nimenenepa. Akaketi, akaangalia dirisha, akasema, "Nimetoka mbali. Nimekuja huku kwa sababu hakuna mtu ananijua."

Kumbe sisi wawili tulikuwa tumetorokea mahali pamoja.

Nitasema ukweli hata kama ni aibu. Kwa dakika moja nilitaka kunyamaza. Nilitaka nikae kwa kile kiti nimuone akiwa mdogo mbele yangu, vile mimi nilikuwa mdogo mbele yake. Hakuna mtu angejua.

Akaanza, "Tangu ni-retire, watoto wangu..."

Nikainua mkono.

"Mwalimu, pole kwa kukukatiza. Kabla uendelee, ni haki yako ujue kitu. Mimi ni mtu wa Endarasha. Ulikuwa headmaster wangu."

Akauliza, "Mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba. Niliona uso wake ukibadilika. Akavaa kofia, akainuka, akatoka.

Nilimfuata hadi corridor. Sikumshika.

"Mwalimu, mimi siwezi kuwa counsellor wako, haitakuwa haki kwako. Lakini kuna mwenzangu hapa ametoka Meru, hakujui kabisa. Na hakuna mtu nyumbani atajua nilikuona. Hata baba."

Akasimama, mkono uko kwa handle ya mlango. Nilikuwa na maneno mengine kama mia ya kumbembeleza. Nikayameza yote. Tukasimama hivyo, hadi nikaanza kusikia receptionist akipiga stapler.

Halafu akauliza, bila kugeuka, "Huyo wa Meru ni kijana kama wewe?"

"Ni mama, Mwalimu. Ana wajukuu."

"Sawa."

Akarudi, akaketi kwa bench, akangoja.

Mimi nikaenda kunawa uso. Nikaeleza supervisor wangu kila kitu, akasema, "Huyo mzee umempatia mtu wa kumsikiza. Na wewe je?"

Ijumaa hiyo nikaenda kwa therapist wangu Nyeri. Sikutaja mvua. Nilimweleza ile siku ya parade, na nikalia, mwanaume wa miaka thelathini na saba, hadi shati ikalowa.

Wiki kadhaa baadaye tukiwa shambani na baba tukichimba viazi, nikamuuliza. Sikumtajia Kerugoya. Nilimuuliza tu kama anakumbuka ile parade, na kwa nini alisema asante.

Baba akaweka jembe chini.

"Ningefanya nini? Ningebishana na yeye angekufukuza hapo hapo. Nilikuwa naomba ubaki." Akachukua jembe tena, halafu akasema, "Hiyo siku sikuweza kula."

Wakuu, miaka hiyo yote nilidhani baba alikubaliana na yule mtu.

Sasa nimemaliza degree, nafanya kazi, na naifanya vizuri. Nasema hivyo bila kujivuna. Kwa wale wanauliza: hii course haikufundishi kushauri watu, ushauri hata jirani anao. Inakufundisha kujua ya kwako ni gani na ya client ni gani, usichanganye. Kama hutaki kuguswa mahali unauma, tafuta course ingine. Kama uko tayari, ingia, umri usikuogopeshe.

Juzi siku ya soko Endarasha nilimuona Mwalimu. Sheria yetu ya kazi ni kwamba mtu kama huyo humsalimii kwanza, asije akaulizwa mnajuana aje. Nikageukia kabichi. Akanijia mwenyewe.

"Bado naenda kwa yule mama," akasema pole pole. "Msichana wangu alikuja nyumbani mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu ni-retire."

Akachagua kabichi moja, akaipima kwa mkono.

"Ile siku ungeweza kunyamaza tu unisikize, na singejua."

"Ningeweza, Mwalimu."

Akatingisha kichwa kukubali. Nikamuuliza kama naweza kuandika hii stori siku moja, bila jina.

"Andika. Kuna walimu wenzangu wameketi kwa nyumba huko wanaumia, na hawajui kuna mahali mtu anaweza kwenda."

Nimeandika, wakuu. Kama uko kwa hii field, ama umewahi kukaa kwa kile kiti cha client, tupe yako hapo chini. Na kama unajua mwalimu ame-retire, mtumie.