Jembe Jipya la Dada Kabula

Juzi, dukani Somanda, niliona majembe mapya yamefungwa kwa kamba, nikakumbuka kiwanda cha majembe cha tangu enzi za babu, tulichopitia utotoni, safarini na baba. Nyundo ziligonga hadi meno yangu yakatetemeka, na chuma cha moto kilinuka kama damu. Baba alimchagulia dada Kabula jembe, akaligonga kwa kokoto asikie mlio wake.

"Na langu, baba?"

"Wewe nimekununulia madaftari."

Nililia kwa wivu njia nzima hadi Maswa.

"Basi nyamaza, tubadilishane," Kabula alininong'oneza. "Nipe hayo madaftari."

Nikadhani ananitania. Shule zilipofunguliwa nilikwenda peke yangu, nimenuna, huku yeye akielekea shambani na jembe lake jipya begani.