Utando Mweupe wa Televisheni ya Mama Kulwa

Nakumbuka asubuhi moja pale Mirongo, miaka ile televisheni zilipoanza kumiminika Mwanza kama dagaa. Mama Kulwa alinijia kwenye kibanda changu cha ufundi na yake juu ya mkokoteni. Kiwanda kimoja cha Nyakato kilikuwa kimempunguza kazini, na sasa watoto wake walikula kwa video alizowaonyesha majirani sebuleni kwa kiingilio. Picha ilikuwa imefifia, nyuso hazitambuliki.

Mwanangu, shingoni mwa kile kioo kikubwa mlikuwa na kikopo kidogo mno, kimepakwa utando mweupe wa oksidi ya bariamu. Ukipata joto la kiasi, utando ule hutoa chembe za umeme zinazochora picha. Haupatani na hewa wala unyevu, ndiyo maana kioo huzibwa kabisa. Na ukizidishiwa joto, picha hung'aa kwa muda, kisha utando huisha. Mzee Masanja, fundi aliyenifunza, alinionya mara nyingi: utando ukichoka, mwambie mwenye mali.

Lakini wateja walikuwa wakinisifu sana siku hizo, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Badala ya kumwambia utando umechoka, nikauzidishia joto. Picha ikawaka, Mama Kulwa akacheka, akanibariki, akauliza kama itadumu. Nikamwambia itadumu.

Wiki ya tatu alirudi, kioo giza tupu. Mzee Masanja alikuwepo. Alikipima, akasema utando ulizidishiwa joto.

“Ulijua?” Mama Kulwa aliniuliza.

“Nilijua, mama.”

Afadhali angenigombeza. “Ungeniambia imezeeka,” alisema polepole, “ningeiwasha Jumamosi tu, huku natafuta nyingine.”

Nililia, mwanangu, na ndevu zangu zote. Mzee alinihurumia, lakini akaniuliza nyumbani kwangu kuna televisheni ya nani. Jioni ile niliisukuma ile yangu mwenyewe kwenye mkokoteni hadi kwa Mama Kulwa, Nyakato, nikamkabidhi.

Basi, kazi yoyote utakayoshika, usimpe mtu furaha ya wiki mbili kwa kumficha ukweli. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kilichochoka sema kimechoka, mwenyewe atajua namna ya kukitunza. Hata mimi nikianza kufifia, usinidanganye kwamba nang'aa. Niambie, nami nitaziwasha siku zangu kwa kiasi. Mungu akupe mikono yenye subira, na ulimi usiomwogopa mwenye mali.