Sauti ya Pili ya Mama Pasi

Pale dukani kwa dobi kila mtu alimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa vizuri kuliko hata gauni lake la kazini. Alisimama siku nzima mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, akinyoosha mashati ya watu ambao hajawahi kuwatia machoni lakini kola zao anazijua: huyu mtu wa jasho, huyu wa manukato, na huyu, masikini, anatafuna kola yake akiwa na mawazo. Na muda wote huo aliimba. Ila hakuimba wimbo wenyewe. Aliimba sauti ya pili, ile inayopita chini ya wimbo na kuubeba, kwa hiyo mteja akiingia alisikia kitu kama wimbo uliosahau kichwa nyumbani.

"Mama Pasi, mbona wimbo wako hauna mbele wala nyuma?" walimtania.

"Mbele anayo mdogo wangu," alijibu bila kuinua macho. "Njoo jioni uusikie mzima."

Jioni, duka likishafungwa, walikutana wanne katika chumba hicho hicho cha pasi, ukuta bado una majimaji ya mvuke. Mdogo wake, aliyefanya kazi mapokezi kwenye zahanati, alishika sauti ya kwanza. Kinyozi wa mtaa wa pili alishika ya tatu. Ile nzito ya chini kabisa ilikuwa ya muuza nyama, jitu la watu waliloliita Bucha, ambalo likikohoa tu vibanio vya nguo vinatikisika kwenye kamba. Hawakuwa na gitaa, kinanda wala ngoma. Walikuwa na vifua vyao basi. Na waliimba wamepeana migongo, kila mtu na ukuta wake. Mtindo huo aliuleta Mama Pasi. Alisema watu wakitazamana wanaanza kufuatana midomo, na anayekosea anawavuta wengine shimoni. Wakipeana migongo, sauti ya mwenzako unaisikia inakupitia mbavuni, na hapo hapo unajua wewe uko wapi.

Mdogo wake ndiye aliyetunga wimbo uliowapa jina. Hilo hakuna aliyebisha. Lakini njia ya sauti ya pili, yenye kona pale katikati ambapo inashuka wakati kila mtu anatarajia ipande, hiyo Mama Pasi aliichonga mwenyewe, shati baada ya shati.

Kwa hiyo siku mdogo wake alipomwambia, "Dada, hebu nifundishe njia yako, nataka nijue unapita wapi," Mama Pasi alifurahi kama mtoto. Tangu wakiwa wadogo, wakiosha vyombo pamoja, huyu binti hakuwahi kushika sauti nyingine. Akipewa ya pili, baada ya mistari miwili amesharukia ya kwanza. Sasa leo anataka mwenyewe! Dada mtu akamfundisha jioni kadhaa, kwa subira, hadi ile kona ikamkaa.

"Mwishoni mwa mstari usikate pumzi," alimsihi. "Wewe una tabia ya kuvuta pumzi neno likiwa halijaisha. Unalikata neno mkia."

"Sawa dada, nimekusikia."

Wakaenda kurekodi. Studio ilikuwa chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani, na fundi wake kijana aliyenyoa pande zote akabakisha kishungi. Aliwaingiza mmoja mmoja. Mama Pasi alipomaliza, kijana alimwonyesha dole gumba nyuma ya kioo. Akarudi kazini moyo mweupe.

Wimbo aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa kwenye pasi. Duka la simu la ng'ambo ya barabara liliufungulia spika hadi vioo vya dobi vikatetemeka. Mama Pasi alisimama, pasi hewani, akitabasamu kama mjinga. Sauti ya kwanza, safi. Bucha, yule pale. Kinyozi, yule. Na ya pili inakuja, inashuka kwenye kona, inafika mwisho wa mstari.

Neno likakatwa mkia.

Alisikiliza tena ubeti wa pili. Likakatwa tena. Ile njia ilikuwa yake, kila hatua, lakini iliyopita humo haikuwa sauti yake. Tabasamu lilimkauka usoni. Aliiweka pasi pembeni polepole sana, kwa sababu alijua akiiweka haraka ataivunja, akavaa viatu na kwenda zahanati na aproni yake.

Mdogo wake alikuwa nyuma ya dirisha la mapokezi. Alipoona ile aproni tu, akajua.

"Dada, tuongelee nyumbani."

"Tutaongelea hapa hapa. Sauti yangu iko wapi?"

"Fundi alisema ina mikwaruzo. Kule mvuke umekuharibu koo, dada, hata wewe unajua. Akaniambia nijaribu mimi. Nikajaribu, ikatoka vizuri."

"Ukajaribu." Mama Pasi alicheka, kicheko kisicho na kitu ndani. "Ulikuja kwangu jioni zile zote kabla ya studio. Ulikuwa unajaribu nini?"

Yule binti akapanga kalamu zake kwenye kikombe, moja moja. "Watu hawajui tofauti," alisema mwishowe. "Na kwani wewe hutajwi? Jina la kikundi ni letu sote."

Mgonjwa mmoja kwenye benchi alikuwa ameacha hata kukohoa ili asikilize.

"Nataka urudie kurekodi na mimi, au useme hadharani ile si sauti yangu," alisema Mama Pasi.

"Haiwezekani. Wimbo umeshatoka. Na Jumamosi tumealikwa, dada, usituangushe."

Mama Pasi alikwenda hiyo Jumamosi. Hakumwambia mtu alichokusudia, ila alikuwa ameapa moyoni: atasimama mahali pake na kufunga mdomo. Wasikie wenyewe wimbo wenye shimo katikati.

Ulikuwa ufunguzi wa duka kubwa la samani. Wageni walikaa kwenye makochi ya kuuzwa, bado yana nailoni, na kila mtu akijigeuza nailoni ililia kwik kwik kama bata. Yule fundi mwenye kishungi akawafuata nyuma ya jukwaa.

"Msihangaike kuimba," alisema. "Nitapiga wimbo kwenye spika. Nyinyi chezesheni midomo tu."

"Mimi siuzi nyama ya picha," Bucha alinung'unika. "Kwa nini nisiimbe na mdomo wangu?"

"Kwa sababu humo ndani Mama Pasi hayumo," alisema Mama Pasi. "Ya pili kaimba huyu. Mimi nimefutwa."

Bucha na Kinyozi wakamgeukia mdogo mtu. Alikuwa anajipaka rangi ya midomo na hakuwatazama.

Wakapanda, wakasimama mstari mmoja kuwaelekea watu, jambo ambalo Mama Pasi hakulizoea. Wimbo ukaanza. Mama Pasi akafunga mdomo kama alivyoapa, na hapo ndipo damu ilipompanda kabisa, maana hakuna kilichopungua. Shimo halikuwepo. Njia yake ilitoka kwenye spika imenyooka, haina mkwaruzo hata mmoja, na watu kwenye makochi wakatikisa vichwa. Angeweza kunyamaza mpaka aote mvi. Nani angejua?

Akaondoka kwenye mstari. Akaenda hadi kwenye spika, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani, akauchomoa.

Wimbo ukafa. Mdogo wake alibaki amefungua mdomo, mkono mmoja hewani, midomo ikiendelea na neno ambalo halikuwa na sauti tena. Kuna mtu alicheka.

"Dada," alinong'ona. "Rudisha."

Mama Pasi akaimba. Sauti ya pili, peke yake, na mikwaruzo yake yote, kwa sauti ya mtu anayegombana. Bucha alisubiri mstari mmoja, akaingia chini yake, na nailoni za makochi ya mbele zikatetemeka. Kinyozi akajifuta jasho, akaingia. Wakawa watatu wanaozunguka nafasi iliyo wazi katikati yao, nafasi ya sauti ya kwanza, na wote wakamtazama mwenye nayo.

Mdogo mtu aliokota mkoba wake akashuka jukwaani.

Basi ule wimbo ukaendelea bila kichwa, kama pale dukani. Wageni walitazamana. Kisha mama mmoja kwenye kochi jekundu, ambaye bila shaka aliusikia kila siku kwenye duka la simu, akaanza kuimba sauti ya kwanza, taratibu, kama anayejiimbia jikoni. Mumewe akamfuata. Kochi la nyuma likadakia, halafu la pembeni, kila mtu na kimo chake cha sauti, wengine wamepotea kabisa, lakini wimbo ukasimama.

Mtu mwingine angelainika hapo. Mama Pasi hakulainika. Alimwona mdogo wake mlangoni, amekumbatia mkoba, akisikiliza umati ukiimba sehemu yake. Aliikazia macho midomo yake kuona kama itafunguka. Haikufunguka. Mama Pasi akavuta pumzi, akaipeleka njia yake kwenye kona, na akazidisha sauti.