Mkono Uliokata Mahema Mia Tatu

Jumanne, tarehe 11 Machi 1997, saa tatu asubuhi, makasi yanagoma katikati ya turubai. Fundi Rachidi Yaseen anabana, turubai linakatika. Anapotaka kuachia, kidole cha kati cha mkono wa kulia kinabaki kimejikunja kama ukucha wa kuku. Anakivuta kwa mkono wa kushoto. Tak! Kinafunguka, na maumivu yanapanda hadi kiwiko.

"Ni uchovu tu," anawaambia wenzake, kisha anaendelea kukata.

Hilo lilikuwa hema la mia tatu na kumi na mbili. Ofisi moja ya serikali ilikuwa imewakusanya mafundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi kukata mahema ya waliokimbia vita makwao, kwa faranga mia tano kwa siku na sahani ya maharage. Wakubwa walipata magari ya kupandia Kiriri, mtaa wao wa mlimani. Mafundi hawakupata hata makasi mapya.

Mafundi wa Buyenzi wana desturi yao: mkono ukigoma haupumzishwi, unafungwa. Rachidi akakifunga kidole kwa uzi juu ya kipande cha rula, akakata wiki mbili zaidi. Kisha akaenda kwa mkandaji, naye akakivuta kwa nguvu zake zote akidhani ni mfupa uliotoka mahali pake. Kiganja kikavimba mpaka kikang'aa.

Zamani angezuiwa mapema. Marehemu mkewe, Jokha, mama yake Nura, ndiye aliyekuwa akimnyang'anya makasi jioni na kumkanda kwa mawese ya moto. Jokha alifariki mwaka 1995 kwa homa, hatua mia sita tu kutoka zahanati. Ilikuwa saa za amri ya kutotoka nje. Askari wa kwenye kizuizi cha barabarani alisema karatasi ya ruhusa iko kwa mkubwa, na mkubwa amelala.

Kwenye zahanati ya mtaa wa Nyakabiga, muuguzi Spéciose alimfungua ule uzi huku akicheka.

"Baba Nura, hii si mufupa. Mushipa ya kidole inapita mu katundu, sasa imefanya fundo. We uko fundi: uzi iko na fundo, inapita mu sindano?"

"Apana."

"Basi we unaivuta ya nini?"

Alimfunga kifimbo cha kukinyoosha kidole, akamwambia aloweke mkono kwenye maji ya uvuguvugu na asiguse makasi wiki sita. Uvimbe ulishuka, kukwama hakukuisha. Sindano ya kutuliza uvimbe ilikuwa haipatikani tangu nchi iwekewe vikwazo. Ilibaki kupasuliwa: ganzi, mkato mdogo kwenye kiganja, kazi ya robo saa. Lakini hospitali ilitaka karatasi ya mwajiri, ithibitishe kwamba aliumia kazini.

Mkuu wa ile ofisi, Melchior, hakuinua hata macho.

"Rachidi, watu wanakufa na risasi, we unanililia kidole?"

"Mi siko nalia, chef. Naomba karatasi."

"Kidole si jeraha ya vita."

Walipomwita tena kukata mahema, alikataa. Tangu hapo, kila Jumanne saa tatu, anapanga foleni kwenye ofisi ile, anaweka makasi mezani, anasimama. Leo, katikati ya Septemba, ni mara ya kumi na nne. Karani Prudence amekwisha kumzoea.

"Baba Nura, kidole imeamuka?"

"Imelala, mama. Imejifunza kwa wakubwa."

Foleni nzima inaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni anageukia ukuta kuficha meno.

Nyumbani kwa Rachidi kuna sanduku, na ndani yake kitambaa cha kijani alichokinunua Jokha kwa harusi ya binti yao, Nura. Harusi ni kabla ya Ramadhani. Majirani wanamshauri ampe fundi mwingine.

"Jokha alikinunua nikikate mimi," anamwambia Prudence. "Nitakikata na mkono huu. Karatasi moja ilinichukulia mke. Hii ya pili sitoki hapa bila yake."

Prudence anaingia kwa mkuu, anatoka akiangalia chini.

"Chef anauliza utakuja mpaka lini."

"Mwambie na mi niko na ulizo." Rachidi anainua mkono wake, kidole kimejikunja, na kupaza sauti ili ivuke mlango ulioachwa wazi. "Chef! Yale mahema yalikuwa ya vita, ama yalikuwa ya nini?"

Anapiga hatua moja kuelekea mlango.

"Kama yalikuwa ya vita, mkono ulioyakata ni wa nani?"